Mpaka Uliopimwa Nyuma ya Mbuzi

Kila Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa Papa Félicien katika mtaa wa Saio, kazi ziligawanywa kwa haki kabisa, na kila mtu alilalamika. Mama Léonie alichagua maharagwe huku akisema kwamba yeye peke yake ndiye anayefanya kazi katika nyumba hii. Yves, mwenye miaka saba, alikuwa na kazi ya kufukuza kuku wasiingie jikoni, naye aliifanya kwa bidii hata kwa kuku waliokuwa wamelala. Falone, dada yake mwenye miaka kumi na miwili, alifagia uwanja, akaleta maji kutoka bombani, kisha akamfunga Inspekta kwenye kigingi. Papa Félicien alikaa kwenye kiti chake na kusimamia, kazi aliyosema kuwa ndiyo inayochosha kuliko zote.

Inspekta alikuwa mbuzi. Jina hilo alipewa na avenyu nzima, watu wote wa barabara yao, kwa sababu alipita parseli kwa parseli, kiwanja hadi kiwanja, akichungulia masufuria ya watu, hakumsalimu mtu yeyote, na kila alipoondoka kulikuwa na kitu kimepungua.

Asubuhi hiyo Falone alimfunga fundo moja tu badala ya mawili. Alikuwa na haraka, maana shefu wa avenyu alikuwa anapita barabarani na kipaza sauti.

"Bazazi! Batu ya kupima parseli banafika leo! Mambo ya makaratasi inaisha, sasa parseli yote inaingia mu kompyuta! Kila mutu abakie ku nyumba, na jirani yake asimame ku mupaka!"

"Na jirani yetu hayuko," alisema Mama Léonie.

Ni kweli. Jirani yao, Mama Vahwere, alikuwa mjane aliyeuza vitenge sokoni, na tangu Alhamisi alikuwa amekwenda Ariwara kununua mzigo. Lori lililotakiwa kumrudisha lilikuwa limezama katika matope ya njiani.

Kati ya parseli hizo mbili palikuwa na mstari wa miti midogo. Ile ya zamani iliondoka wakati wa vita. Familia zote mbili zilikimbilia Aru, Falone akiwa bado mgongoni, na waliporudi walikuta nyumba hazina mabati, miti ya ua imekuwa kuni za watu wasiojulikana, na karatasi za parseli zimekuwa majivu. Basi Papa Félicien alishika ncha moja ya kamba ya mgomba, Mama Vahwere akashika ncha nyingine, wakaivuta kutoka kwenye mparachichi hadi kwenye jiwe la pembeni. Wakapanda miti mipya kufuata kamba, wakala bugali na samaki pamoja, na kesi ikaisha kabla haijaanza. Tangu siku hiyo, ingawa kila nyumba ya Saio bado iliweka mfuko wa kukimbia nao nyuma ya mlango, majirani hawa wawili hawakuwahi kugombania hata yai.

Saa nne, mpimaji alifika. Jina lake lilikuwa Misye Stéphane, yaani Bwana Stéphane, kijana mwenye tableti mkononi na viatu vyeupe miguuni. Vyeupe kweli kweli, katika Bunia, siku moja baada ya mvua! Alitembea kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, akichagua pa kukanyaga.

"Jirani ya upande hii iko wapi?" aliuliza.

"Iko Ariwara," alijibu Papa Félicien. "Atarudia kesho, ao kesho kutwa. Inategemea matope."

"Siwezi kungojea matope, Papa. Leo niko na parseli makumi mbili."

Kanuni ilisema wazi kwamba mpaka haupimwi mpaka majirani wote wawili wawepo, na kwamba mpimaji mwenyewe ndiye anayetembea. Lakini walioandika kanuni hawakuwa na viatu vyeupe. Misye Stéphane alitazama nyuma ya nyumba, ambako maji ya mvua na udongo mwekundu vilikuwa vimeungana kuwa potopoto nzito kama uji. Akavitazama viatu vyake. Kisha akamtazama Falone, aliyekuwa peku.

"Weye, mutoto, unasoma?"

"Niko mwaka ya sita, Misye."

"Vizuri. Shika hii. Ukitembea, nayo inachora mustari kwenye unapita. Zunguka parseli yenu pole pole, mwisho urudie hapa. Usikimbie, umesikia?"

Falone alipokea tableti kwa mikono miwili. Alihisi amekua ghafla, labda kwa sentimita kumi. Alipita mbele ya nyumba akiwa ameinua kidevu, ili watoto wa barabarani waone vizuri. Walimwona.

"Mutazame Falone! Amekuwa Madamu Serikali!" alipiga kelele mmoja wao.

"Muache kelele, niko ku kazi," alijibu Falone, bila kugeuza shingo.

Upande wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili pia. Wa tatu alikanyaga potopoto hadi magotini, lakini hakuyumba. Alikuwa ameanza upande wa nne, ule wa miti midogo, aliposikia sauti ya kamba ikiteleza. Fundo moja lilikuwa limechoka.

Inspekta alipita mbele yake kama pikipiki isiyo na breki. Aliruka ile miti, akaingia kwa Mama Vahwere, akaenda moja kwa moja kwenye mihogo ambayo Mama Léonie alikuwa amemwanikia jirani asubuhi hiyo juu ya turubai.

"Inspekta! Rudia hapa!"

Mtu mwenye akili angeweka tableti chini kwanza. Falone alikuwa na akili, lakini wakati huo zilikuwa zimetangulia mbele yake, zinamfukuza mbuzi. Alikimbia na tableti kifuani. Wakazunguka jiko la Mama Vahwere. Wakapita chini ya kamba ya nguo. Inspekta akajificha nyuma ya choo. Falone akazunguka choo, Inspekta akazunguka naye, wakazunguka tena, mpaka haikujulikana nani anamfukuza nani. Mwishowe alimkamata sikio, akamrudisha nyumbani, akamfunga mafundo manne. Kisha, akihema, akamrudishia Misye Stéphane tableti yake.

Misye Stéphane alikuwa anafuta kidoa kimoja kwenye kiatu. Alitupia skrini jicho moja tu.

"Mm. Muko na parseli kubwa, Papa."

"Eh," alisema Papa Félicien kutoka kitini, "siye tulijuaka."

Falone alifungua kinywa. Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Lakini Papa Félicien alikuwa tayari amefika barabarani, akimsimamisha kila mpita njia: "Muliona? Mutoto yangu njo alipima! Mutoto ya mwanamuke, miaka kumi na mbili tu! Jométre, mupimaji ya kweli!" Ungekuwa wewe, ungesema wakati huo kwamba jométre huyo alikimbia nyuma ya mbuzi? Falone alifunga kinywa. Nitasema kesho, aliwaza. Kesho ilipofika, akaona ni Jumapili, siku ya kupumzika. Jumatatu kulikuwa na masomo. Hivyo hivyo wiki nzima ikapita, na kila siku ilikuja na sababu yake.

Wiki iliyofuata, ramani mpya zilibandikwa ukutani kwenye ofisi ya mtaa. Mwenye lalamiko alipewa siku kumi na tano. Baada ya hapo, kila mstari ungefungwa ndani ya kompyuta, na kuubadilisha kungehitaji mahakama.

Papa Félicien alirudi kutoka ofisini na picha ya ramani kwenye simu yake. Aliigeuza hivi, akaigeuza vile. Parseli yake ilikuwa na pande tatu zilizonyooka, na upande wa nne ulikuwa na tumbo. Tumbo hilo lilikuwa limemeza jiko la Mama Vahwere, kamba yake ya nguo na choo chake.

"Inawezekana namna gani?" aliuliza.

Mtu wa kumjibu hakukosekana. Camille, dereva wa pikipiki aliyeegesha mbele ya nyumba yao, alijua kila kitu, hasa asichokijua.

"Ni satelite, Papa," alisema. "Iko kule juu. Inaona mupaka ya mababu yetu hata chini ya udongo. Mwanadamu anaweza kusahau, satelite haiwezi."

Maneno hayo yalimwingia Papa Félicien taratibu, na kadiri yalivyoingia ndivyo yalivyozidi kumpendeza.

"Na ile kamba mulivutaka na Mama Vahwere?" aliuliza Mama Léonie.

"Kamba ilikuwa ya mugomba," alisema Papa Félicien. "Satelite iko ya chuma."

"Baba Falone, ni weye mwenyewe ulishikaka ile kamba!"

"Sijasema kitu miye! Serikali njo imesema."

Falone alikuwa anaosha sahani. Aliosha ileile moja mpaka Yves akamuuliza kama anataka kuitoboa.

Siku mbili baadaye Mama Vahwere alifika hatimaye, lori likiwa limekwama zaidi ya wiki, mzigo wa vitenge kichwani na matope ya njia nzima kwenye sketi. Kabla hajapumzika alielekea chooni, kama msafiri yeyote. Njiani akamkuta Yves amesimama na fimbo mkononi.

"Jambo, Mama Vahwere. Unaenda mu choo yetu?"

"Choo ya nani?"

"Yetu. Iko mu satelite. Lakini unaweza kuingia, miye nakupatia ruhusa. Usikawie tu."

Mama Vahwere alicheka mpaka akashika mti. Alidhani ni mchezo wa mtoto. Alicheka akiingia, akacheka akitoka, na bado alikuwa anacheka alipomwita Papa Félicien kupitia juu ya miti ya mpaka ili amweleze. Papa Félicien hakucheka. Alitazama chini, akasema kitu kuhusu serikali na chuma.

Hapo kicheko cha Mama Vahwere kikaisha. Hakupiga kelele, hakutukana. Alifanya jambo baya zaidi. Miaka yote alikuwa akimwita "Baba Falone", lakini jioni ile, aliposalimu, alisema: "Jambo, Misye." Kama unavyomwambia mtu wa benki. Mama Léonie aliposikia, aliweka mwiko chini, na siku hiyo bugali lilikuwa na mabonge.

Siku ya kumi na nne, Mama Suzanne, shefu wa mtaa, aliita pande zote mbili ofisini. Pembeni yake alikaa Madamu Martine, mkuu wa wapimaji, mwanamke mwenye miwani mikubwa na mifuko minne ya ramani. Misye Stéphane alikuwepo, viatu vikiwa vimeng'arishwa. Avenyu nzima ilijaa madirishani, Camille mbele kabisa. Falone alibanwa kati ya mama yake na ukuta.

"Mama Vahwere, uko na karatasi yoyote?" aliuliza Mama Suzanne.

"Iliungua, Shefu. Na hata ile iliungua ilikuwa na jina ya marehemu bwana yangu. Miye jina yangu haijaandikwaka fasi yoyote."

"Misye Stéphane, nani alipima?"

"Miye mwenyewe," alisema Misye Stéphane haraka.

Madamu Martine alisogeza ramani karibu na miwani, kisha mbali, kisha karibu tena.

"Kuko kitu sielewi," alisema. "Mupaka hii inafika ku choo, inazunguka choo mara mbili, njo inarudia. Niko na miaka makumi mbili mu kazi hii. Nimeona mupaka inafuata muto, nimeona inafuata barabara. Mupaka inazunguka choo mara mbili, sijaionaka."

"Labda mababu balikuwa banatafuta mulango!" alisema Camille dirishani. Watu waliangua kicheko, na Mama Suzanne akagonga meza.

"Papa Félicien, unasema nini?"

Papa Félicien alisimama, akakohoa, akakunja kofia yake. "Miye sina neno. Mashine njo imesema."

"Basi," alisema Mama Suzanne, na sauti yake haikuwa na furaha, "kama hakuna ushuhuda ingine, dosie inafungwa mu kompyuta kesho asubuhi. Mama Vahwere?"

Mama Vahwere alikuwa anakunja ncha ya kitenge chake, anakunjua, anakunja.

"Muache tu," alisema. "Wakati ya vita nilikimbia, nikapoteza nyumba. Nikasema sawa, ni vita. Sasa sikukimbia. Niliendaka Ariwara kununua vitenge, nikapoteza choo."

Baadhi ya watu walicheka. Halafu wakaona uso wake, wakaacha.

Falone alijikuta amesimama. Miguu ilikuwa imemtangulia tena, lakini safari hii alikubaliana nayo.

"Haiko satelite," alisema. "Ni Inspekta."

"Inspekta gani?" Mama Suzanne alishangaa. "Ya masomo?"

"Ya nyumbani, Shefu. Mbuzi yetu."

Na akaeleza yote. Alieleza viatu vyeupe na potopoto, akaeleza fundo moja, mihogo, jiko, kamba ya nguo. Alipofika kwenye choo, akaeleza mizunguko miwili, wa kwanza akiwa yeye nyuma ya mbuzi, wa pili mbuzi akiwa nyuma yake. Alisema pia kwamba alijua tangu siku ile ile, na kwamba alinyamaza kwa sababu Papa alimwita jométre na jina hilo lilikuwa tamu. Kufikia hapo alikuwa analia, na watu dirishani walikuwa wanalia pia, wao kwa kicheko. Camille alishuka polepole kutoka dirishani, akakumbuka kwamba pikipiki yake inahitaji mafuta.

Madamu Martine alivua miwani yake, akaifuta, akamgeukia Misye Stéphane. Alitazama viatu tu. Misye Stéphane angeweza, angevila.

Lakini chumba hakikutulia mpaka Papa Félicien alipopiga hatua mbele. Kofia mikononi mwake ilikuwa imekuwa kamba.

"Shefu, mutoto amesema ukweli yake. Na miye niseme yangu. Nilijua. Kutoka ku avoka mpaka ku jiwe, nilivuta ile kamba kwa mukono yangu hii. Mashine haikunidanganya. Miye njo niliona uongo ni mutamu, nikaupokea. Mama Vahwere, unisamehe."

Mama Vahwere alifunga upya ncha ya kitenge chake.

"Nitafikiri," alisema. "Kwanza tupime."

Wakapima alasiri hiyo hiyo. Mvua ilikuwa imerudi na kuondoka, na nyuma ya nyumba potopoto ilikuwa imeiva. Misye Stéphane alitembea mwenyewe, kila hatua, Madamu Martine akimsindikiza kwa macho. Katika kona ya tatu potopoto ilishika kiatu cha kushoto na kukataa kukiachia. Yves alikichimbua kwa fimbo yake, na kilipotoka hakikuwa na rangi inayojulikana.

Kwenye upande wa nne, Madamu Martine alitoa amri. Katika kila alama, kidole kisiguse tableti mpaka majirani wote wawili wasimame pamoja na kusema.

"Njo hapa?" aliuliza kwenye mparachichi.

"Njo hapa," alisema Papa Félicien.

"Njo hapa," alisema Mama Vahwere.

Walisema hivyo mti kwa mti. Kwenye jiwe la mwisho, Mama Vahwere aliongeza: "Sogea kidogo, Baba Falone, umekanyaga kitenge yangu." Mama Léonie, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo.

Madamu Martine alizima tableti na kumwita Falone. Falone alisogea akitegemea kukaripiwa, na alikaripiwa. Kuficha kosa kwa wiki tatu si jambo la kuchekwa, aliambiwa, na kwa mwezi mmoja atafagia parseli zote mbili. Kisha Madamu Martine aliinama kidogo.

"Usikie vizuri, mutoto yangu. Batu banasema mashine haidanganyi. Kweli, haidanganyi. Lakini haijue ukweli pia. Inaandika tu kwenye muguu ilipita. Kama muguu ilifuata mupaka ao ilifuata mbuzi, yenyewe haiwezi kujua. Mwenye kujua ni ule mwenye muguu. Akinyamaza, uongo wake inaingia mu kompyuta na kukaa mule miaka mia, na kila mutu ataiheshimu. Leo uliogopa, lakini ulisema. Kesho usingojee mpaka mutu alie, njo useme. Na weye pia, Stéphane, umesikia?"

"Nimesikia, Madamu," alisema Misye Stéphane, kwa sauti ya mtu mwenye kiatu kimoja.

Miezi miwili baadaye karatasi zilitoka. Falone alikuwa anafagia upande wa Mama Vahwere. Mwezi wa adhabu ulikuwa umekwisha, lakini hakuna aliyekumbuka kumwambia, na yeye hakuuliza. Mama Vahwere aliingia kutoka ofisini na bahasha ameishika mbali na nguo zake, isije ikachafuka. Alivuta kigoda, akaketi.

"Acha ufagio. Njoo unisomee. Hapa, juu ya chapa."

Falone alifuta mikono kwenye sketi. Karatasi ilikuwa na mchoro mdogo: pande nne, zote zimenyooka. Juu yake kulikuwa na mstari wa maandishi.

"Mwenye parseli," alisoma, "Vahwere Alphonsine."

"Imeandikwa vile? Alphonsine na yote?"

"Na yote, Mama."

Mama Vahwere alitazama herufi zile asizozijua, akapitisha kidole juu yake bila kuzigusa.

"Soma tena," alisema.

Falone akasoma tena, polepole, bila kuruka herufi hata moja.